Barua pepe hupotelea nyumbani, si njiani

MSOMAJI, hebu jipe mtihani mdogo Jumapili hii. Ukiambiwa sasa hivi utoe barua pepe uliyotumiwa miaka mitatu iliyopita, ile yenye nakala ya cheti cha mtoto au jibu la maombi ya kazi, utaipata baada ya dakika ngapi? Je, una hakika ingalipo?

Kwa jamaa nyingi za mitaa ya Kibera na Kawangware, swali hili si la mzaha. Zamani mzee wa nyumba alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, risiti za karo na barua za kazi. Wazee wa Kinubi wa Makina wanaijua vyema thamani ya karatasi, kwani jamii yao iliishi Kibera kwa zaidi ya karne moja kabla ya kupewa hati ya kumiliki ekari 288 za ardhi mnamo 2017.

Leo sehemu kubwa ya karatasi hizo imehamia kwenye kompyuta. Cheti cha nambari ya mlipa kodi hutumwa na KRA kwa barua pepe. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB huandikisha anwani yake ya barua pepe. Mwajiri humwita mtu kwenye mahojiano kwa njia hiyo hiyo. Fauka ya hayo, ukisahau neno la siri la huduma nyingi za mtandaoni, njia ya kupata jingine hupitia kwenye barua pepe yako.

Maadamu hali ni hiyo, kupoteza barua pepe moja ni sawa na kupoteza karatasi iliyokuwa chini ya kitanda. Ajabu ni kwamba lile sanduku la bati tulilipanga, tukalitia kufuli na kuwakataza watoto kulichezea, ilhali hili la kompyuta tumeliacha kama jaa la taka.

Watu husema "barua ilipotea" kana kwamba ilidondoka kutoka kwenye mkoba wa tarishi. Ukweli ni kwamba barua pepe inaposhindwa kufika, kwa kawaida mtumaji hurudishiwa taarifa ya kumweleza hivyo. Barua nyingi zinazodaiwa kupotea zilifika salama salimini, kisha zikapotelea kwa mwenyewe. Zilizama katika rundo la matangazo, zilitupwa kwenye kapu la spamu, zilikuwa kwenye diski iliyoungua, au zimefungiwa katika akaunti ambayo hakuna anayekumbuka neno lake la siri. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari.

TABIA TULIYORITHI

Ili kuelewa tulivyofika hapa, turudi nyuma kidogo. Barua ya kwanza kusafiri kwenye mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilitumwa na Mmarekani Ray Tomlinson mnamo 1971, naye ndiye aliyechagua ile alama ya @. Hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika machache, likiwemo Environment Liaison Centre International, yalikuwa yakikusanya barua na kuzituma kwa mafungu kupitia laini ya simu hadi London. Intaneti kamili ilifika Kenya mnamo 1995.

Siku hizo kila dakika ya simu ililipiwa. Kwa hiyo mtu aliunganisha kompyuta na simu, akavuta barua zake zote kwa mkupuo mmoja, akakata simu, kisha akazisoma polepole bila kuhofia gharama. Utaratibu uliotumika huitwa POP na ulibuniwa mnamo 1984. Una desturi moja ambayo imewaliza wengi: barua ikishavutwa, nakala iliyoko kwenye seva ya kampuni hufutwa, isipokuwa umeiagiza programu yako iiache. Hivyo basi nakala pekee hubakia kwenye diski ya kompyuta moja tu.

Utaratibu wa pili ni IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin mnamo 1986. Huu huziacha barua kwenye seva, na folda ulizozifungua utazikuta zile zile kwenye kila kompyuta na kila simu unayotumia. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mnamo 2009, intaneti ilipata kasi na utaratibu huu ukawa rahisi kutumika hata katika mitaa ya kawaida.

Iwapo shule yenu, kanisa lenu, zahanati au karakana yenu inatumia kompyuta ya mezani yenye programu ya barua kama vile Outlook au Thunderbird, jambo la kwanza ni kufungua mipangilio ya akaunti na kutazama kama inatumia POP au IMAP. Ikiwa ni POP, tia alama mahali panapoagiza nakala ibaki kwenye seva. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba IMAP ni dawa ya kila ugonjwa. Kwa kuwa kompyuta na simu zote hutazama seva moja, mtoto akifuta barua kwenye simu ya mama, barua hiyo itafutika pia kwenye kompyuta ya baba.

KILA FOLDA NA FAILI YAKE

Huenda unadhani kupanga barua katika folda ni urembo tu, mithili ya kupanga vikombe kabatini. La hasha. Katika baadhi ya programu, folda ndiyo ukuta unaozuia hasara isienee.

Chukua Thunderbird, programu isiyolipiwa ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwishoni mwa 2004. Kwa kawaida programu hii huhifadhi kila folda katika faili moja ndefu, barua moja ikifuata nyingine kama nguo kwenye kamba. Ukiacha barua zote, tuseme elfu ishirini, ndani ya sanduku la barua zinazoingia, yaani inboksi, zote zimo katika faili moja. Stima ikipotea faili hiyo ikiandikwa, inaweza kuharibika, na uharibifu huo huhatarisha barua zote elfu ishirini. Programu ya kukinga virusi nayo ikigundua barua moja mbovu, inaweza kuitenga faili nzima, na asubuhi ukafungua kompyuta ukakuta inboksi tupu. Lakini kama barua za shule zimo katika folda ya shule, na za kodi katika folda ya kodi, balaa likiingia inboksi halitazigusa nyingine.

Kuna siri nyingine ya Thunderbird. Ukifuta barua, haiondoki mara moja kwenye faili. Hutiwa tu alama kwamba imefutwa. Nafasi yake hurudi pale unapoiagiza programu ikaze folda. Msomaji asiyejua hili hufuta na kufuta, huku faili zikizidi kunenepa.

Outlook ina desturi tofauti. Akaunti ya POP huweka folda zake zote katika faili moja kubwa yenye jina linaloishia kwa PST. Katika matoleo ya zamani, hadi lile la 2002, faili hiyo haikuweza kuzidi gigabaiti 2. Ilipovuka mpaka huo, iligoma kufunguka. Microsoft ililazimika kutoa programu ya kuikata faili ili ifunguke tena, na kilichokatwa kilikwenda na barua zilizokuwemo. Toleo la 2003 lilipandisha kikomo hadi gigabaiti 20, na lile la 2010 hadi 50. Ijapokuwa nafasi imeongezeka, somo ni lile lile. Mtumiaji wa Outlook afungue faili mpya ya akiba kila mwaka, ahamishie humo barua za mwaka uliokwisha, na faili kuu ibaki nyepesi.

Wanaotumia Gmail kupitia mtandao hawaoni faili hizi, lakini nao wana mipaka yao. Akaunti ya bure ina gigabaiti 15, ambazo barua hugawana na picha na hati nyingine. Zikijaa kwa picha za harusi, akaunti huacha kupokea barua, na barua ya mwajiri humrudia mwenyewe. Aidha, kilichomo kwenye spamu au pipa la taka hufutwa kabisa baada ya siku 30. Na tangu Desemba 2023, Google ilianza kufuta akaunti ambazo hazijatumiwa kwa muda wa miaka miwili. Ikiwa ulifunguliwa akaunti kwa ajili ya kodi pekee, kisha ukaisahau, ifungue leo.

FOLDA SITA ZATOSHA

Makosa ya anayeanza ni kufungua folda arobaini. Baada ya wiki mbili hajui barua ya chama aliiweka kwenye "Chama", "Pesa" au "Mikutano". Afadhali folda chache ambazo hata mtu mwenye usingizi atazitambua. Familia ya kawaida yaweza kuanza na hizi sita:

Serikali: nambari ya mlipa kodi, eCitizen, hati za kuzaliwa na mambo ya ardhi.

Shule: matokeo, barua za kujiunga na chuo, karo na mkopo.

Kazi: maombi, majibu, mikataba na barua za sifa.

Afya: majibu ya hospitali na bima.

Pesa: benki, risiti, chama na ushirika.

Jamaa: barua za ndugu walio ng'ambo na mashambani.

Inboksi nayo ichukuliwe kama kizingiti cha mlango. Mgeni hupita kizingitini, halali hapo. Barua ikifika, amua mambo matatu: ijibiwe, iwekwe kwenye folda yake, au ifutwe. Usiitumie inboksi kama ghala.

Programu nyingi hukuruhusu kuweka kanuni, mathalani barua zote za chuo ziingie zenyewe kwenye folda ya Shule. Huu ni msaada mkubwa, lakini una mtego. Barua iliyojipeleka yenyewe kwenye folda haikupiti machoni, na mwaliko wa mahojiano unaweza kukaa humo hadi siku ikapita. Kwa hivyo kanuni ziwekewe matangazo na taarifa za kawaida; barua za kazi na serikali ziache zipite kizingitini uzione mwenyewe.

Kadhalika, tazama kapu la spamu angalau mara moja kwa wiki. Mashine huchuja kwa kukisia, nayo hukosea. Ukikuta barua halali humo, iambie programu kwamba hii si spamu, na umtie mtumaji kwenye orodha ya unaowajua. Lakini usifungue kiambatisho cha mtu usiyemjua kwa sababu tu kinakuahidi kazi Qatar au zawadi ya mamilioni.

MTEGO WA SAIBA

Si kila nyumba ya Gatwekera au Gatina ina kompyuta. Wengi hutumia saiba, na hapo folda za mtandaoni zina faida kubwa: ukizipanga Kawangware leo, utazikuta Kibera kesho bila kubeba chochote. Huko Kibera, Tunapanda Institute ilijenga mtandao wa kijamii uitwao TunapandaNET ili kuunganisha shule na vituo vya vijana kwenye intaneti.

Lakini saiba ndipo barua nyingi zinapopotelea zikiwa bado changa. Mazungumzo kama haya si mageni:

"Kijana wangu, nifungulie hiyo barua pepe ya KRA," mama anasema, mtoto akiwa mgongoni.

"Hiyo ni rahisi, mama. Niachie kitambulisho. Kwa simu nitaweka nambari yangu, tusikawie."

Mama anashukuru, analipa na kwenda zake. Anwani iliandikwa kwenye kipande cha karatasi, neno la siri alilichagua kijana, na nambari ya simu ya kuokolea akaunti ni ya kijana huyo. Miaka miwili baadaye kijana amehama, ile karatasi imeloa mvua, na akaunti yenye cheti cha kodi haifunguki. Hakuna aliyeiba. Barua zote zimo humo, zimefungiwa ndani, na ufunguo hauko.

Basi, msomaji, ukienda saiba shikilia mambo haya. Neno la siri lichague na uliandike mwenyewe, hata ukichukua dakika kumi. Nambari ya simu iwe yako, tena ile unayoitumia kila siku, kwa maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na nambari yake kupewa mtu mwingine. Kompyuta ikikuuliza kama ihifadhi neno lako la siri, ikatalie. Ukimaliza, toka kwenye akaunti; kufunga dirisha pekee hakutoshi. Mwisho, kama ulipakua nakala ya kitambulisho au cheti ili kukichapisha, kifute kwenye kompyuta hiyo na kwenye pipa lake la taka. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini sheria haitakuamshia kumbukumbu mteja anayefuata akifungua picha ya kitambulisho chako.

Na wewe mwenye saiba, ambaye majirani wanakuamini, mpishe mteja kwenye kiti aandike mwenyewe. Utapoteza dakika chache lakini utabaki na jina jema.

AKIBA HAIOZI

Folda nzuri bila nakala ya akiba ni nyumba nzuri isiyo na mlango. Mnamo Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru na nchi ikakosa stima. Mwezi Agosti 2023 giza jingine lilitanda sehemu kubwa ya Kenya kwa saa nyingi. Katika mitaa yetu hatungoji tumbili. Stima huenda na kurudi itakavyo, na inaporudi kwa kishindo huweza kuunguza diski ya kompyuta ya mitumba uliyoinunua kwa jasho. Kuna moto unaoruka kutoka bati hadi bati. Kuna wezi. Kuna maji, kama yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyofurika Nairobi na kuingia katika nyumba zilizo kando ya mito.

Kwa sababu hiyo barua muhimu zinafaa kuishi mahali pasipopungua pawili, na moja ya hizo pawe nje ya nyumba yako. Kwa mwenye kompyuta ya mezani, njia ni hii. Funga kwanza programu ya barua. Usinakili faili zikiwa wazi. Kisha nakili faili ya PST, ikiwa ni Outlook, au folda nzima ya wasifu wako, ikiwa ni Thunderbird, na uitie kwenye flashi diski. Iandike tarehe. Flashi hiyo isikae juu ya kompyuta, maana mwizi atabeba vyote viwili. Mpe dada yako wa mtaa mwingine akuwekee, nawe umwekee yake.

Mwenye Gmail anaweza kutumia huduma ya Google Takeout kupakua barua zake zote. Kwa atumiaye IMAP, angalizo: ukiburuta barua kutoka folda ya seva hadi folda ya kompyuta, unaihamisha, na kwenye seva haitakuwepo tena. Ukitaka ziwe mbili, chagua kunakili badala ya kuhamisha.

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Ifungue kwenye kompyuta nyingine, utafute barua moja ya zamani na uisome mpaka mwisho, pamoja na kiambatisho chake. Ikifunguka, unaweza kulala. Vile vile, barua zenye uzito mkubwa, kama vile cheti cha kodi na barua ya kujiunga na chuo, zichapishe na uziweke palepale kwenye sanduku la bati. Karatasi haihitaji stima wala neno la siri.

DAKIKA KUMI ZA JUMAPILI

Mambo haya yote yakifanywa kwa siku moja yatakuchosha na utayaacha. Yagawe. Kila Jumapili, chukua dakika kumi: hamisha barua zilizokwama kizingitini, pitia spamu, kisha mwaga taka. Mwisho wa kila mwezi, kaza folda zako na unakili barua kwenye flashi. Kila Januari, fungua folda au faili ya akiba ya mwaka uliopita, na uhakikishe kwamba nambari ya simu iliyo kwenye akaunti bado ni yako. Unapoanza, usijaribu kupanga barua za miaka kumi. Zihamishie zote za zamani katika folda moja iitwayo "Za Kale", kisha anza upya na zinazoingia leo. Za kale utazitafuta kwa jina la mtumaji siku utakapozihitaji.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kazi hii inawahusu zaidi. Ninyi mna vidole vyepesi na mnazielewa mashine, lakini wazazi ndio wanaojua ni karatasi ipi ilitafutwa miaka mitano na ni ipi haina maana. Keti na mama au baba, umwache aamue kipi kiende wapi, nawe ubonyeze. Mwonyeshe neno la siri linavyobadilishwa, umngoje alijaribu mwenyewe mara mbili, kisha liandikwe katika daftari la nyumbani linalofungiwa pamoja na vyeti.

Siku barua ya chuo au ya kazi itakapofika, huenda ikakupa siku tatu tu za kujibu. Siku hiyo si ya kuanza kutafuta cheti.